"Klaudi" ya watu wawili

Kuna biashara inayokwenda vizuri siku hizi, kuanzia Kisumu mjini mpaka huku kwetu Ahero, na mimi mwenyewe nimo ndani yake, kwa hivyo msidhani narusha mawe nikiwa ng'ambo ya mto. Biashara yenyewe ni hii. Unachukua programu ya Windows uliyoiandika miaka kadhaa iliyopita, ya stoo au ya mikopo au ya mishahara, ambayo ilikuwa inakaa kwenye kompyuta moja chini ya kaunta ya mteja. Unakodi seva ya Windows iliyoko Ujerumani au Johannesburg. Unaiweka programu humo, kisha unawawekea wafanyakazi wa mteja kialama kwenye kompyuta zao. Wakikibofya wanaona programu ile ile waliyoizoea. Unaiita klaudi. Unatoza kwa mwezi. Mteja anafurahi, wewe unafurahi.

Sina neno na hilo. Neno langu ni kwamba seva nyingi za aina hiyo nilizoitwa kuzitazama zina ruhusa ya watu WAWILI, tena wawili wa kurekebisha seva tu, na ndani yake wanafanya kazi watu tisa, kumi na wanne, ishirini. Mteja hajui. Aliambiwa kila kitu kimo ndani ya bei. Basi nasema bila kuzunguka: mtengenezaji programu huyo anauza kitu ambacho hakukinunua, na siku mambo yakiharibika atakayelipa ni mteja.

Kabla jamaa wa Nairobi hawajaanza kucheka kwamba watu wa Ahero bado wako kwenye Remote Desktop, ngoja nieleze kwa nini tunaipenda. Mteja wa kawaida huku ni mwenye kinu cha mpunga. Ana kinu upande wa skimu ya unyunyizaji, ana duka pale makutano ambapo barabara ya Kisii inaachana na ile ya Nairobi, ana stoo nyingine Kisumu, na mhasibu wake anakuja mara moja kwa wiki. Wote wanataka kuona stoki ile ile. Ukiwaunganisha na hifadhidata moja kwa moja kupitia intaneti ya simu, programu ya zamani ya Windows inakufa. Kila ukifungua orodha ya wakulima inavuta maelfu ya safu kutoka kwenye seva, na mtandao ukiyumba sekunde mbili unapata ujumbe wa makosa na risiti iliyoandikwa nusu.

Kwa Remote Desktop, programu na hifadhidata vinakaa pamoja kwenye seva moja. Kinachosafiri kuja Ahero ni picha ya kioo, tena yale mabadiliko yake tu, na kinachorudi ni herufi ulizobonyeza na mwendo wa kipanya. Bando dogo linatosha. Stima ikipotea katikati ya risiti (nayo hupotea), kikao kinabaki hai kule kwenye seva. Ikirudi, karani anaingia tena na kukuta kielekezi kinapepesa pale pale alipokiacha. Na Nyando ikivunja kingo zake, kama ilivyofanya mwaka 2020, hifadhidata ya mteja haiko chini ya kaunta ikisubiri kulowa. Anayesema huu ni ufundi wa kishamba hajawahi kuendesha biashara ya watu watano kwa modemu moja.

Sasa leseni. Vumilieni kidogo, sehemu hii haina utamu.

Windows Server yenyewe ina leseni yake, inayohesabiwa kwa viini vya prosesa tangu toleo la 2016. Ukikodi seva kwa kampuni inayokodisha, kawaida bei ya mwezi imeshaibeba leseni hiyo, na hapo ndipo watu wengi huacha kusoma. Lakini kuingia kwenye seva kwa mbali na kufanyia kazi kwenye eneokazi lake ni haki nyingine kabisa. Inauzwa kando, kwa kila mtu au kila kifaa, na jina lake ni RDS CAL. Windows inakupa vikao viwili bila CAL hiyo, lakini kwa ajili ya kusimamia seva tu: kuweka masasisho, kuangalia diski, kuiwasha upya. Karani anayeandika risiti ya mpunga hasimamii seva. Hata akiwa peke yake humo ndani anahitaji CAL.

Ukiweka huduma kamili ya Remote Desktop Services, unapewa siku 120 za kujipanga. Zikiisha bila leseni, watumiaji wa kawaida wanafungiwa nje. Kisha kuna visirani vidogo vidogo ambavyo muuzaji hakuambii. CAL ya toleo la 2019 haifai kwa seva ya 2022, ingawa ile ya 2022 inafaa kwa seva ya 2019. Na kuanzia Windows Server 2019, seva ambayo haiko kwenye domeni, iliyowekewa CAL za kuhesabu watu, hukata kikao kila baada ya dakika 60. Nimewahi kuitwa na jamaa aliyekuwa amelaumu Safaricom, Airtel na nyaya za ukutani kwa wiki nzima kabla ya kusoma ule ujumbe uliokuwa mbele ya macho yake.

Hayo yote ni kwa kampuni inayoendesha seva kwa ajili ya wafanyakazi wake yenyewe. Sisi hatufanyi hivyo. Sisi tunapangisha. Seva ni yangu au nimeikodi mimi, programu ni yangu, na wanaoingia ni wafanyakazi wa kampuni nyingine inayonilipa. Kwa hali hiyo leseni za kawaida za kununua dukani HAZITOSHI, kwa sababu masharti yake yanakataza kuitumia programu hiyo kwa biashara ya kuwahudumia watu wa nje. Ipo mikataba ya wapangishaji, inayoitwa SPLA: unaingia mkataba wa miaka mitatu kupitia muuzaji aliyeidhinishwa, na kila mwezi unatoa ripoti ya matumizi na kulipia kila mtumiaji. Au mteja anunue CAL zake mwenyewe zenye Software Assurance na kuzileta kwenye seva unayomwendeshea, jambo linaloruhusiwa tangu 2014. Ipo pia haki ya anayejiendeshea programu aliyoiandika mwenyewe, nayo inadai Software Assurance na masharti marefu. Au, na hii ndiyo njia ya watu wadogo kama sisi, unakodi seva kwa kampuni ambayo tayari ina SPLA na kuiambia ikuongezee leseni ya RDS kwa kila mtumiaji, kwa mwezi.

Nilipotaka kulinyoosha jambo hili nilimpigia muuzaji mmoja wa leseni, ambaye sitamtaja. Nilimweleza vizuri kabisa kwamba nawapangishia wateja. Akanijibu: "Wewe chukua tu CAL tano, ndugu yangu, hakuna anayekuja kukagua." Huyo ndiye mwenye cheti ukutani! Angeniuzia karatasi halali kwa nyumba isiyo yake, na siku ya ukaguzi ningekuwa nimelipa pesa na bado niko makosani. Sikununua.

Haya, tuje kwenye ujanja. Naujua wote, kwa sababu nimeukuta kwenye seva za watu nikiitwa kuzima moto.

Wa kwanza ni kufuta ufunguo mmoja kwenye rejista ili zile siku 120 zianze upya. Jamaa wengine wameupangia ratiba, unajifuta wenyewe kila baada ya miezi mitatu. Wa pili ni kubandika kiraka kwenye faili la termsrv.dll, au kutumia programu inayoizunguka huduma hiyo, ili vikao viwili viwe visivyo na mwisho. Wa tatu ni kuwapa watu wote jina moja la kuingilia, kwa imani kwamba leseni huhesabu majina. Haihesabu majina, huhesabu watu, na ukipitisha watu kumi kwenye mlango mmoja bado ni watu kumi. Wa nne ni kununua programu ya kampuni nyingine inayofungua vikao vingi bila kuigusa huduma ya Microsoft. Hii inawadanganya hata watu waaminifu, maana umelipa na una risiti. Lakini masharti ya Microsoft yanasema anayelitumia eneokazi la Windows Server kwa mbali anahitaji RDS CAL hata kama njia ya kulifikia ni teknolojia ya mtu mwingine. Na Guacamole, ambayo mimi naipenda sana, nayo haikuokoi. Inakuonyesha eneokazi ndani ya kivinjari, basi. Nyuma yake Windows ni ile ile na hesabu ni ile ile.

Najua jibu litakalokuja. "Microsoft ni tajiri. Kwani itakonda?" Haitakonda, na mimi simlilii tajiri. Kwa hivyo tuiache Microsoft pembeni, tumwangalie meneja wa SACCO ya watu mia tatu aliyekuamini.

Kile kiraka cha termsrv.dll kinategemea toleo halisi la faili hilo. Windows ikijisasisha, faili linabadilika, kiraka kinavunjika, na saa mbili asubuhi simu yako inaita. Kwa hivyo aliyebandika kiraka hufanya nini? ANAZIMA MASASISHO. Kila seva yenye kiraka niliyowahi kuifungua ilikuwa imezimwa masasisho, bila hata moja kusalimika. Na seva hiyo mlango wake wa 3389 uko wazi kwa dunia nzima, kwa sababu kuwawekea makarani VPN kulionekana ni usumbufu. Mnakumbuka BlueKeep? Mei 2019 lilitangazwa tundu katika Remote Desktop ya Windows 7 na Server 2008 R2 na za nyuma yake, tundu la kumwingiza mtu bila jina wala neno la siri. Lilikuwa baya kiasi kwamba Microsoft ilitoa marekebisho hata kwa Windows XP, ambayo ilikuwa imeshazikwa tangu 2014. Aliyekuwa na masasisho alilala. Mwenye kiraka alikuwa amekaa uchi barabarani.

Ongeza hapo lile jina moja la kuingilia. Mara nyingi jina lenyewe ni Administrator, maana ndilo lililokuja na seva. Fikiria keshia wa SACCO, kijana wa kazi ya muda, ana mamlaka ya kufuta hifadhidata nzima ya mikopo, na akiifuta kumbukumbu za seva zitasema "Administrator", jina wanalolitumia watu kumi na mmoja. Mkaguzi wa hesabu akiuliza ni nani aliyebadilisha salio la mwanachama, utamjibu nini? Hilo limeanza na leseni. Ulibana pesa za watumiaji kumi, ukapoteza uwezo wa kujua nani alifanya nini kwenye pesa za watu.

Na sheria iko. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, data ya wanachama ikivuja kwa namna inayoweza kuwaletea madhara, Kamishna wa Data anatakiwa ajulishwe ndani ya saa 72, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka ya taasisi, kile kilicho kidogo. Anayebanwa kwanza ni mwenye data, yaani SACCO. Wewe utakuwa umebadilisha laini ya simu.

Kitu kingine kinachonikera. Watengenezaji wale wale wanaobandika viraka ndio wanaolia fundi wa saiba akinakili programu yao na kuiuza kwa chama kingine kwa bei ya chai. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya maandishi, na ulinzi unaompa Microsoft ndio huo huo unaokupa wewe wa Ahero. Huwezi kuiita sheria ikulinde mchana na kuiruka usiku.

Sasa upande wa pili, maana sitaki mtu aseme nimeajiriwa na Redmond. Masharti haya ni mabaya. Ni mabaya kwa makusudi, na historia yake inaonyesha. Wazo la watu wengi kutumia Windows moja kwa mbali lilijengwa na Citrix, iliyotoa WinFrame mwaka 1995. Microsoft ikachukua leseni ya teknolojia hiyo mwaka 1997 na kuitoa kama Windows NT 4.0 Terminal Server Edition mwaka 1998. Zama za Windows 2000, kompyuta yako ikiwa na Windows 2000 Professional, haki ya kuingia kwenye seva ya Windows 2000 ilikuwa imo ndani yake tayari. Ilipokuja Windows Server 2003 haki hiyo ikaondolewa. Mashine ile ile, karani yule yule, kazi ile ile, na sasa ulipie.

Mchezo huo haujaisha. Oktoba 2019 wakafunga njia ya kuchukua leseni za kawaida zisizo na Software Assurance na kuzipeleka kwenye mashine za kukodi za Amazon, Google na Alibaba. Kisha wakatangaza, na ikatimia 30 Septemba 2025, kwamba mpangishaji mwenye SPLA haruhusiwi tena kuitumia SPLA yake juu ya vituo vya data vya wakubwa hao, pamoja na cha Microsoft yenyewe. Mtu wa Nairobi aliyekuwa amejenga biashara yake juu ya mashine za Amazon kwa SPLA yake, akiwakodishia watu kama mimi, ilimbidi ahame au abadilishe leseni. Huko Ulaya wapangishaji walijikusanya katika chama chao, CISPE, wakapeleka malalamiko kwa Tume ya Ulaya Novemba 2022, na Julai 2024 Microsoft ikakaa nao mezani wakapatana. Sisi nasi tuna Mamlaka ya Ushindani, iliyotokana na Sheria ya Ushindani ya 2010, na inapokea malalamiko. Lakini nani ataenda kulalamika pale akiwa na kiraka kwenye seva yake? Hili ndilo linaloniuma zaidi. Wizi wetu mdogo mdogo umetunyamazisha. Kila mtu ana kitu cha kuficha, kwa hivyo hakuna anayesema kwa sauti kwamba bei hii haifanani na biashara ya huku.

Maana haifanani. Bei inatajwa kwa dola na inahesabu vichwa. Mhasibu anayeingia dakika ishirini kila Ijumaa analipiwa sawa na keshia anayeshinda humo siku nzima. Kwenye kinu cha mpunga msimu wa mavuno kuna makarani sita wanaopokea magunia. Msimu ukiisha wanabaki wawili. Ukinunua CAL za kudumu kwa ajili ya sita, wanne watalala bure nusu ya mwaka. Na duka lenye kompyuta moja wanayopokezana watu watatu linaadhibiwa kwa umaskini wake, kwa sababu leseni ya kukodi kwa mwezi kwa kawaida huhesabu watu, si mashine.

Hapo hapo kuna nafuu ambayo wengi hawaitumii. Leseni ya mwezi huhesabu watu wenye RUHUSA ya kuingia. Haijali kama wameingia kweli au la. Yule karani wa msimu aliyeondoka Agosti, jina lake likiwa bado limo kwenye kundi la watumiaji wa RDS, unamlipia Septemba, Oktoba, mpaka Krismasi. Kwa hivyo mwisho wa kila mwezi fungua orodha, toa walioondoka, na uiambie kampuni inayokukodishia idadi mpya. Kwa biashara ya msimu kama ya mpunga, kukodi kwa mwezi kukisimamiwa hivyo ni rahisi kuliko kununua. Hesabu hiyo nimewafanyia wateja wangu kwenye karatasi, wakaielewa kuliko meneja wa benki.

Na njia ya kutoka kabisa? Ni kuacha kuwapa watu eneokazi la Windows. Anayefungua ukurasa wa programu yako kwa kivinjari haingii kwenye hesabu ya RDS. Ukiijenga juu ya Linux na PostgreSQL, hakuna anayehesabu vichwa hata kimoja. Najua kuandika upya programu ya miaka minane si mchezo, na anayekwambia ni kazi ya wikendi hajawahi kuonana na moduli ya mishahara. Lakini KRA ilishatulazimisha kulifungua lile sanduku. Tangu 1 Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kwenye hesabu za kodi, kwa hivyo kila mwenye programu ya mauzo ilimbidi aingie kwenye msimbo wake wa zamani na kuuunganisha na eTIMS. Ukishafungua sehemu ya mauzo na ankara, ihamishie kwenye wavuti moja kwa moja. Si lazima uhamishe yote. Wanaopokea magunia na kutoa risiti ndio wengi. Waondoe hao kwenye RDS na idadi ya vichwa itaanguka. Mishahara na ripoti za mwaka zinaweza kubaki Windows, kwa watu wawili watatu wenye leseni zao halali. Na kama programu yako imeandikwa kwa Java au Lazarus, kitu kinachoweza kukimbia kwenye Linux, ijaribu juu ya xrdp kabla hujaandika upya hata mstari mmoja. Karani hatajua tofauti. Atalalamika tu kwamba picha ya nyuma imebadilika.

Kwa atakayebaki kwenye RDS, ninachotaka ni kidogo sana. Weka leseni kwenye ankara kama mstari unaojitegemea. Usiizike ndani ya "huduma ya klaudi", kwa sababu ukiizika, siku mshindani wako mwenye kiraka akija na bei ya nusu, mteja hataona alichokuwa analipia. Mweleze kwa Kiswahili cha kawaida kwamba hii ni ya seva, hii ni ya kazi yangu, na hii ni ya ruhusa za watu wako kuingia, inakwenda kwa kampuni ya leseni na mimi sipati kitu humo. Mwonyeshe kwa majina. Kisha mwambie amuulize huyo wa bei ya nusu maswali matatu: kila mfanyakazi wangu ana jina lake la kuingilia? Seva ilisasishwa lini mara ya mwisho? Leseni za RDS ziko kwa jina la kampuni gani? La tatu ndilo litakalomtoa jasho.

Nilipoanza kuandika ankara hivyo nilidhani nitafukuza wateja, na mmoja kweli aliondoka. Waliobaki wameanza kunisimamia wao. Mwezi uliofuata mzee mmoja mwenye kinu alinipigia, ameishika ankara mkononi. "Kijana wangu, huyu jina la nne aliolewa Homa Bay tangu Machi. Kwa nini namlipia?" Nikamtoa siku hiyo hiyo, nikafunga na neno lake la siri, ambalo kumbe dada aliyempokea kazi alikuwa bado analitumia.